Mtungi wa Gesi Ukiwa Safarini

Mwezi huu tunaziweka kando habari za chanjo na lishe ya watoto, tuongee juu ya jambo ambalo zamani lisingepata nafasi katika ukurasa wa afya. Miaka ya nyuma mitungi ya gesi ilikuwa mali ya hospitali, ya mafundi wa kuchomelea vyuma na ya nyumba chache za mjini. Leo sivyo. Mwezi wa Mei 2024 serikali yetu ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaokusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati hiyo. Na hata kabla ya mkakati huo, mtungi wa kilo 6 ulikuwa umeshafika vigangoni. Sisi tunaohudumia wagonjwa tunaushukuru. Moshi wa kuni umeharibu vifua vya akina mama wengi, na mtoto anayebebwa mgongoni jikoni anauvuta moshi ule ule anaouvuta mama yake.

Lakini mtungi haufiki jikoni wenyewe. Lazima ubebwe kutoka dukani, na ukiisha urudishwe ukabadilishwe. Mafundisho tunayoyasikia juu ya gesi karibu yote yanahusu jiko: funga koki ukimaliza kupika, weka kiberiti mbali na watoto, pima mpira kwa povu la sabuni. Ni mafundisho mema. Juu ya njia ya kutoka dukani hadi nyumbani hatusikii mengi, na huko ndiko tunakoona mambo ya kutisha. Mtungi umelazwa ndani ya buti la taksi kama gunia la mahindi. Mama amekaa nyuma ya bodaboda ameubana mtungi kwa mapaja, na mtoto yuko mgongoni. Wanakwaya wamekalia mitungi juu ya lori wakienda kwenye sherehe ya upadrisho.

Hatupendi kuwatia watu hofu. Wengi wa watoto tunaowapokea wameungua ni wale waliomwagikiwa uji, chai au maji ya moto, na walioungua kwa gesi ni wachache ukilinganisha. Tofauti ni kwamba sufuria ya uji ikipinduka humuunguza mtoto mmoja, na gesi ikiwaka ndani ya gari huwaunguza wote waliomo, tena uso na mikono kwanza. Na kinachohitajika ili kuepuka balaa hilo siyo fedha nyingi. Ni kamba, dirisha lililofunguliwa, na mtu mmoja mwenye msimamo.

Ndani ya mtungi mna nini

Ukiutikisa mtungi wa kupikia uliojaa utasikia kitu kinachezacheza kama maji. Hiyo ndiyo gesi yenyewe, iliyoshindiliwa mpaka ikawa kimiminika. Mtungi haujazwa mpaka juu. Huachwa nafasi ya karibu sehemu moja ya tano, ili kimiminika kikipata joto na kutanuka kiwe na mahali pa kwenda. Katika nafasi hiyo ya juu ndimo hukaa gesi yenyewe kama hewa, na juu hapo ndipo ilipo koki pamoja na tundu la usalama linalopunguza nguvu ya gesi inapozidi.

Hapo mtaelewa kwa nini tunasema mtungi wa kupikia usimame wima safari nzima. Ukiulaza, kimiminika huhamia kwenye koki. Koki ikivuja kidogo, badala ya kutoka gesi hutoka kimiminika, na lita moja ya kimiminika hicho ikishakuwa gesi hujaza nafasi ya lita kama 250. Yaani uvujaji ambao mtungi ukisimama ungekuwa mdogo, ukilala huongezeka mara nyingi.

Jambo la pili ni kwamba gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Haipandi juu kama moshi. Inashuka, inatambaa chini, inajaa sakafuni mwa gari, chini ya viti, miguuni mwa watoto. Mtu aliyekaa kiti cha mbele kichwa chake kiko juu, anaweza kuchelewa kuinusa. Gesi yenyewe kwa asili haina harufu. Ile harufu mbaya tunayoijua hutiwa makusudi kiwandani ili itustue. Kwa hiyo mtu mwenye mafua, au mzee ambaye pua yake imepoteza nguvu, asitegemewe kuwa mlinzi wa mtungi.

Tufanye hesabu kidogo, maana wasomaji wetu wengine ni walimu. Gesi ya kupikia huanza kuweza kuwaka ikifikia kama asilimia 2 tu ya hewa iliyopo. Ndani ya gari dogo la watu watano mna hewa ya karibu mita za ujazo 3 au pungufu kidogo. Asilimia 2 ya hiyo ni lita 50 hadi 60 za gesi, na lita hizo hutokana na kimiminika kisichozidi kikombe kimoja cha chai. Kikombe kimoja, kutoka mtungi wenye kilo 6 au 15. Baada ya hapo inatosha cheche ya kiberiti, au ya swichi ya gari.

Buti la taksi

Turudi kwenye ile taksi. Mtungi umelazwa katika buti, buti limefungwa, vioo vimepandishwa kwa ajili ya vumbi au kiyoyozi. Hapo makosa matatu yamekutana: umelala, haukufungwa kamba, na hakuna hewa. Kila tuta la barabarani linaurusha mtungi na kuugonga ubavuni mwa gari, na sehemu inayoumia kwanza ni koki.

Kama hamna usafiri mwingine, basi fanyeni hivi. Dukani kwenyewe, kabla ya kulipa, angalieni kama koki ina lakiri yake na kama mtungi hauna kutu iliyokula chuma wala mbonyeo mkubwa. Inueni pua, nuseni. Mtungi unaonuka dukani usiingie garini hata kama mwuzaji anaapa kuwa ni harufu ya kawaida ya kujazia. Regulata na mpira visafiri vikiwa vimefunguliwa na kuwekwa pembeni. Kwa ile mitungi midogo ambayo jiko hukaa juu yake, jiko nalo liondolewe. Halafu mtungi usimamishwe sakafuni mbele ya kiti cha nyuma, ubanwe kwa kiti cha mbele, na ufungwe kamba au mkanda usiweze kuanguka. Vioo viwili vishushwe, kimoja kila upande. Asiwepo anayevuta sigara. Watoto wasiwemo. Muende moja kwa moja nyumbani bila kupitia sokoni, wala msibani.

Hili la kupitia mahali tunalisema kwa sababu ya jua. Gari lililofungwa na kuachwa juani mchana hupata joto kali kuliko hewa ya nje, hata nyuzi 20 zaidi katika muda wa saa moja. Mtungi ulioachwa humo unazidi kushinda nguvu, na tundu la usalama likifunguka hutapika gesi ndani ya gari. Mwenye gari anarudi, anafungua mlango, anawasha moto.

Kuna wanaotuambia, "Mtungi wenyewe ulikuwa mtupu, nilikuwa narudisha dukani." Mtungi uliokwisha kupika siyo mtupu. Umebakiwa na gesi isiyokuwa na nguvu ya kutosha kwenye jiko, lakini inatosha kujaza gari, na mara nyingi mtungi huo ndio unaobebwa ovyo zaidi, koki ikiwa wazi kwa vile watu wanaamini hamna kitu. Ufungeni koki yake kama uliojaa, usimame kama uliojaa.

Bodaboda na bajaji

Tungeweza kuandika kwamba gesi isibebwe kwa pikipiki kamwe, tukamaliza. Lakini tunaishi huku huku na tunajua kwamba katika vigango vingi hakuna gari linalofika isipokuwa la Padre, tena mara moja kwa mwezi. Basi tuseme lipi ni baya kuliko lingine.

Baya kabisa ni mtungi kukaa kati ya dereva na abiria, au mapajani mwa abiria. Pikipiki ikiteleza, mtu hataachia mtungi kwa kuogopa hasara, ataanguka nao. Mtungi wa kilo 15 ukijaa una uzito wa karibu kilo 30 pamoja na chuma chake. Mguu wa mtu ukiangukiwa na uzito huo barabarani huvunjika. Mtungi mmoja usimamishwe kwenye keria ya nyuma, ufungwe barabara kwa mipira kwa kuupitisha kwenye shingo na kwenye kitako, uwe mbali na bomba la moshi ambalo ni la moto, na dereva aende peke yake. Abiria atafuata kwa miguu au kwa pikipiki nyingine. Mama mwenye mtoto mgongoni asipande na mtungi, hata kwa mwendo mfupi.

Bajaji sisi tunaipenda zaidi. Watu hushangaa tukisema hivyo kwa sababu wanaiona taksi kuwa ni kitu cha heshima. Lakini bajaji iko wazi pande mbili, upepo unapita sakafuni, na gesi ikivuja haipati mahali pa kujikusanya. Mtungi usimame miguuni, ufungwe kwenye nguzo ya kiti. Na kama mwuzaji anapeleka mitungi nyumbani kwa gari lake la wazi, shilingi chache anazozidisha zinafaa kulipwa.

Mtoto anaporudi chuoni

Mwanzo wa muhula wazazi wengi huwafungashia vijana wao mchele, maharage, ndoo, godoro na mtungi mdogo. Vyote vinaingia chini ya basi. Kule chini ni chumba cha bati kisicho na dirisha, mtungi unalazwa kati ya mabegi, na juu yake wamekaa abiria hamsini au sitini kwa safari ya saa kumi. Konda akikataa, kijana anaufunga ndani ya blanketi na kuuita begi la nguo.

Wazazi, msilifanye jambo hili wala msimfundishe kijana kulificha. Jiko na regulata vinaweza kusafiri. Mtungi ubaki nyumbani, na fedha mliyoitenga mmtumie akanunue mwingine huko huko anakosoma. Ni gharama, tunajua. Mzazi mmoja alituambia kwamba mtungi ule alimnunulia kwa kuuza mbuzi. Tukamjibu kwamba mbuzi hajapotea, mtungi utatumika nyumbani, na atakapohitimu kijana atauza ule wa chuoni.

Lori la kwaya

Sasa jambo linalotuhusu kama parokia. Sherehe ya Jubilei, upadrisho, nadhiri za masista, Komunyo ya Kwanza: kila mahali watu wanapikiwa kwa mamia, na kamati za chakula, hasa akina mama wa WAWATA, zimeacha kuni na kushika mitungi mikubwa ya kilo 38. Mtungi huo ukijaa unafikia uzito wa mtu mzima. Lori linapakia masufuria, mahema, vinanda, mitungi miwili au mitatu, na juu yake kwaya nzima na watoto wa Utoto Mtakatifu.

Lori likifunga breki ghafla, kitu kisichofungwa hakifungi breki. Kinaendelea na mwendo ule ule wa gari. Ikiwa mwendo ulikuwa kilomita 50 kwa saa, anayepigwa na mtungi huo ni kama ameangukiwa nao kutoka ghorofa ya tatu. Hapo hatujasema habari ya moto.

Na moto nao upo. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, huko Embakasi, Nairobi, lori lililopakia gesi lililipuka, na kwa maelezo ya serikali ya Kenya mtungi mmoja uliruka ukaenda kupiga ghala la nguo, ghala likateketea. Watu kadhaa walifariki na waliojeruhiwa walizidi 200, wengine wakiwa wamelala majumbani mwao. Lile lilikuwa lori la biashara, siyo la kwaya. Lakini mitungi iliyopashwa moto hairuki kwa kuchagua.

Tumewashauri viongozi wa parokia kadhaa kwamba mitungi iende peke yake kwa gari la wazi, imesimama, imefungwa kwa kamba kwenye ubao wa gari, dereva na msaidizi wake tu. Jibu tunalopewa karibu kila mara ni mafuta ya gari: nani atalipia safari ya pili? Tunalielewa swali hilo. Njia nyepesi ni kupatana mapema na parokia mwenyeji wanunue au waazime mitungi huko huko, na wageni wachangie fedha. Njia nyingine ni mitungi kutangulia siku moja kabla pamoja na mahema. Ikishindikana hayo yote, kwaya iende, na siku hiyo chakula kipikwe kwa kuni. Mwenye kuamua asiwe dereva, kwa sababu dereva huogopa kuonekana mkorofi mbele ya wazee. Paroko au mwenyekiti wa kamati ndiye aseme, na aseme kabla watu hawajapanda.

Mtungi wa oksijeni ni habari nyingine

Mitungi tunayoifahamu zaidi sisi wauguzi ni ya oksijeni. Wasomaji mtakumbuka jinsi miaka ya 2020 na 2021, wakati wa ugonjwa wa Korona, magari ya parokia na ya watu binafsi yalivyokuwa yakibeba mitungi hiyo huku na huku. Bado magari hayo yanatusaidia kupeleka oksijeni kwenye zahanati za masista, na wagonjwa wengine wa mapafu au wa moyo husafiri nayo wakirudi nyumbani.

Watu husema oksijeni haina hatari kwa vile ni hewa ya kuvuta. Ni kweli kwamba oksijeni yenyewe haiwaki. Lakini inafanya kila kitu kingine kiwake upesi na kwa ukali. Hewa tunayovuta ina oksijeni kama asilimia 21. Ikipanda ikafika asilimia 25, kitenge, kanga, godoro na nywele vinashika moto kwa urahisi wa kushangaza, na moto huo hauzimiki haraka. Katika gari dogo lililofungwa kabisa, koki inayovuja lita 5 kwa dakika, ambacho ni kipimo tunachompa mgonjwa wa kawaida, ingetosha kufikisha hali hiyo kwa nusu saa hivi. Tena oksijeni haina harufu, wala haitiwi harufu. Nguo huinywa. Mtu aliyekaa karibu na uvujaji akashuka na kuwasha sigara papo hapo, anaweza kuwaka yeye mwenyewe. Inafaa akae kwenye upepo robo saa kwanza.

Adui mkubwa wa oksijeni ni mafuta. Chini ya nguvu iliyomo mtungini, mafuta au grisi kwenye koki vinaweza kuwaka bila kiberiti. Kwa hiyo dereva aliyetoka kugusa injini asifungue koki kabla ya kunawa kwa sabuni. Koki ngumu isipakwe mafuta wala Vaseline, na isigongwe kwa spana ya gereji. Ifunguliwe polepole. Na akina mama wanaopenda kumpaka mgonjwa mafuta puani na midomoni kwa sababu oksijeni inakausha, watuulize kwanza, tutawapa kitu kingine.

Hapa kuna jambo dogo ambalo hatupendi kulinyamazia. Padre anapoitwa kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu, nyumbani au ndani ya gari la wagonjwa, jamaa huwa wepesi kuwasha mshumaa. Kama oksijeni inapita, mshumaa usiwashwe. Sakramenti haipungukiwi kitu. Alama ya mafuta kwenye paji la uso na viganja haina shida. Anayeshika koki au barakoa ndiye ajifute vidole kwanza. Mapadre wetu wakielezwa hulikubali mara moja, na ni ndugu wa mgonjwa ambao huona kama tumeleta dharau.

Kisha kuna nguvu ya mtungi wenyewe. Fundi hujaza tairi la gari dogo upepo wa 30 au 32. Mtungi wa oksijeni uliojaa, kwa kipimo hicho hicho, una kama 2,000. Shingo ya koki ikivunjika, nguvu hiyo yote hutokea tundu moja na mtungi huondoka kama risasi, ukitoboa ukuta. Ndiyo maana mitungi mikubwa husafiri na kofia yake ya chuma juu ya koki, na regulata ikiwa imeondolewa. Kofia zikipotea, na hospitalini hupotea kweli, ziulizwe kwa waliojaza mtungi kabla gari halijaondoka.

Mtungi wa oksijeni unaweza kulazwa, maana ndani hamna kimiminika. Mrefu ulazwe kukingama pikapu, siyo kuelekea kichwani mwa dereva, uwekewe mabanzi pande zote mbili usibingirike, ufungwe. Usichanganywe na mitungi ya kupikia, wala madumu ya petroli, wala watu. Mtungi wa asetilini wa mafundi wa kuchomelea ndio usiolazwa. Ukiwa umelazwa safarini, uachwe umesimama saa kadhaa kabla ya kutumika. Msitegemee rangi kuutambua mtungi. Wa oksijeni wengi tuliouzoea ni mweusi wenye mabega meupe, lakini siku hizi kuna meupe mitupu, na mafundi hupaka rangi watakavyo. Someni maandishi.

Familia inayosafiri na mgonjwa anayevuta oksijeni ijue pia hesabu ya muda. Mtungi mdogo wenye lita 1,360, mgonjwa akitumia lita 4 kwa dakika, unamtosha dakika 340, yaani saa tano na nusu na kidogo. Barabara ikikatika kwa mvua saa hizo huisha. Mwulizeni muuguzi kabla ya kuondoka: lita ngapi zimo, na anatumia ngapi kwa dakika?

Harufu ikitokea njiani

Mkinusa gesi mkiwa mnasafiri, simamisheni gari mahali pa wazi, mbali na mama ntilie na moto wa aina yoyote. Zimeni injini. Fungueni milango yote, watu wote washuke na kwenda upande upepo unakotoka. Msipige simu ndani ya gari. Mtu mmoja, kama hakuna moto, ajaribu kukaza koki. Ikikataa, autoe mtungi, ausimamishe mahali pa wazi pasipo mtaro, kwa sababu gesi itatelemka mtaroni na kwenda kuwaka mbali. Kisha msubiri mpaka harufu iishe kabisa garini, hata kama mnachelewa Misa.

Kama moto umeshawaka, ondokeni mita 100 au zaidi, mpige 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji, na muwazuie watazamaji. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, watu zaidi ya 100 walipoteza maisha kwa sababu walilikaribia lori lililopinduka. Yale yalikuwa mafuta ya petroli, lakini gesi nayo haimsubiri mtu apige picha.

Aliyeungua mwondoeni kwenye moto, avuliwe nguo zinazofuka, saa na pete, isipokuwa nguo iliyoganda kwenye ngozi. Mmwagilieni maji safi ya kawaida, siyo ya barafu, kwa dakika 20 kamili. Zihesabuni kwa saa maana huonekana ndefu. Mtoto mfunikeni sehemu isiyoungua asipatwe na baridi. Msipake dawa ya meno, yai, unga, mafuta wala majivu. Malengelenge yasitumbuliwe. Funikeni kwa kitambaa safi na mje hospitalini.

Aliyerukiwa na kimiminika cha gesi ataonekana ngozi imekuwa nyeupe na ngumu. Hiyo imeganda kwa baridi kali, nayo huunguza kama moto. Msimsugue. Mwekeni kwenye maji ya uvuguvugu na mumlete vile vile.

Mkifika mwambieni mhudumu ilikuwa gesi gani, na kama moto ulitokea ndani ya gari au nje. Aliyekuwa ndani, hasa mwenye nyusi au vinyweleo vya pua vilivyoungua, sauti iliyokwaruza au makohozi meusi, anaweza kuongea na kutembea vizuri akifika, na koo likaanza kuvimba baada ya saa kadhaa. Huyo asirudishwe nyumbani kabla hajaangaliwa, hata kama mwenyewe anasema ni mzima.